Programu ya sataranji "yenye nguvu kuliko zote duniani": tuliamini tangazo kwa kiasi gani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha hisabati sekondari, na jioni nasimamia klabu ya sataranji ya wanafunzi. Tuna laptopu moja ya zamani na intaneti ya kubahatisha. Mzazi mmoja ametutumia tangazo la programu inayouzwa kama shilingi laki mbili na nusu. Linasema ni 'injini yenye nguvu kuliko zote duniani', ina Elo 3700, haijapoteza hata mchezo mmoja kati ya 100 dhidi ya mshindani wake mkuu, inachambua mamilioni ya mikao ya ubao kwa sekunde, na inatumia akili bandia 'ya aina ya AlphaZero'. Wanafunzi wamehamasika, wanataka tuchange. Lakini kijana mmoja wa kidato cha tatu anashikilia kwamba ipo ya bure iliyo bora zaidi. Hapo ndipo nachanganyikiwa: kitu cha bure kitaishindaje kampuni inayolipa wataalamu? Na matangazo kama haya ni ya haki, au tunapigwa?"

Mwalimu, nianze na jibu ili mchango usianze kuzunguka darasani kabla hujamaliza kusoma: kijana wako wa kidato cha tatu yuko sahihi. Injini, yaani programu inayokokotoa hatua za sataranji, ambayo kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikiongoza mashindano makubwa ya kompyuta ni Stockfish, na ni ya bure. Kuhusu kupigwa, jibu ni refu zaidi. Kila kipande cha tangazo hilo kinaweza kuwa kweli kikisimama peke yake, na bado vikikusanywa pamoja vikakupeleka kununua usichokihitaji. Matangazo ya namna hii ni nadra kusema uongo wa wazi. Kazi yao kubwa ni kunyamazia masharti.

Tuchukue hiyo Elo 3700. Kipimo hiki kimepewa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria. Hakipimi nguvu iliyomo ndani ya mchezaji. Kinachofanya ni kutabiri matokeo kati ya wawili wanaocheza katika kundi moja. Tofauti ya pointi 100 maana yake aliye juu anatarajiwa kuvuna kama asilimia 64 ya alama. Tofauti ya 200, kama asilimia 76. Tofauti ya 400, kama asilimia 91. Kwa hiyo chenye maana ni tofauti. Namba yenyewe inategemea mwenye orodha aliamua kuanza kuhesabu wapi. Mwenye orodha akiamka kesho akaongeza pointi 500 kwa kila injini, hakuna utabiri hata mmoja utakaobadilika.

Ndiyo maana kuweka 3700 ya injini kando ya kiwango cha binadamu ni mchezo wa macho. Magnus Carlsen alifikia 2882 mwaka 2014, na hakuna binadamu aliyewahi kuwa na kiwango cha juu zaidi ya hicho katika orodha ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Lakini injini za leo hupata pointi zao kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe, si kwa kucheza na kina Carlsen. Timu yenye pointi 70 ligi ya wilaya haiwi bora kuliko yenye pointi 60 Ligi Kuu, na hakuna shabiki wa mpira anayehitaji kuelezwa hilo. Sisemi kwamba Carlsen angeifunga injini. Asingeifunga, na mwenyewe analijua hilo. Nasema tu kwamba ile 818 inayobaki ukitoa haijapimwa na mtu.

Wapo watu wa kujitolea wanaotunza orodha za injini kwa uangalifu mkubwa. Inayotajwa sana ni CCRL. Ukiifungua utaona kila namba ina alama ya kuongeza-na-kutoa pembeni yake, yaani kiasi ambacho namba hiyo inaweza kupotoka kwa bahati tu. Injini mbili zikipishana pointi 10 na kila moja ina upotovu wa pointi 12, mtunza orodha mwadilifu hatakuambia ipi ni kali zaidi. Tangazo huichukua namba na kuacha ule upotovu. Na hapo wewe kama mwalimu wa hisabati una silaha ambayo wanunuzi wengi hawana.

Fanya hesabu hii na wanafunzi wako. Mechi ya michezo 100, nusu yake sare. Kushinda ni 1, sare ni 0.5, kushindwa ni 0. Injini mbili zikiwa sawa kabisa, tofauti-wastani (standard deviation) ya mchezo mmoja ni kama 0.35. Igawe kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, unapata 0.035. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 unazidisha kwa karibu mbili: asilimia 7 juu, asilimia 7 chini. Kwa lugha ya Elo hiyo ni kama pointi 50 kila upande. Kwa maneno mengine, injini iliyoshinda 53 kwa 47 haijathibitisha lolote; ingeweza hata kuwa dhaifu kuliko hiyo iliyoshindwa. Ili kushusha upotovu hadi pointi 5 unahitaji michezo kama 10,000. Kwa hiyo ukiona tangazo linalojivunia mechi ya michezo 100, swali la kwanza si "imeshinda ngapi" bali "tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani".

Na "haijapoteza hata mmoja kati ya 100"? Hilo halinishangazi hata kidogo. Injini kali zikianza kwenye ubao wa kawaida, karibu kila mchezo huisha sare. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba mashindano ya TCEC, yaliyoanzishwa na Martin Thoresen mwaka 2010, huzilazimisha injini kuanza na ufunguzi (hatua za mwanzo za mchezo) uliopinda, ambao upande mmoja tayari una nafuu. Kisha ufunguzi uleule unarudiwa zikiwa zimebadilishana rangi. Atakayeshinda akiwa na nafuu na kuokoa sare asipokuwa nayo ndiye bora. Bila utaratibu kama huo, injini iliyo ya pili au ya tano duniani inaweza kucheza michezo 100 na ya kwanza na isifungwe mingi. Muulize muuzaji: michezo mingapi ilishinda, mingapi sare, ufunguzi aliuchagua nani?

Kuna ujanja mwingine unaowapita watu wengi: injini kupimwa dhidi ya toleo lake lililopita. "Toleo jipya limezidi la zamani kwa pointi 100." Ndugu wawili wa damu moja hujua makosa yaleyale, na yule aliyerekebishwa kidogo humwadhibu mwenzake kila mara palepale. Ukizipeleka zote mbili kwa wapinzani wa aina tofauti, pengo husinyaa. Wanaotengeneza injini wanalijua hili miaka mingi. Mwandika tangazo ama halijui, ama analijua na kunyamaza.

Sasa AlphaZero, kwa sababu jina hilo ndilo linalouza. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind, ya London, inayomilikiwa na wamiliki wa Google, ilitoa matokeo ya mechi ya michezo 100 ya programu yake AlphaZero dhidi ya Stockfish 8. AlphaZero ilishinda 28, sare 72, haikupoteza. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba mashine ilijifundisha sataranji kwa saa 4 na kumpiga bingwa. Kimsingi ni kweli, ingawa saa 4 ndizo zilizotosha kuizidi Stockfish, na AlphaZero iliyocheza mechi ilikuwa imefunzwa kwa saa 9. Lakini katika saa hizo 4 michezo ya mazoezi ilikuwa ikizalishwa na chipu maalumu 5,000, kitu ambacho wewe na mimi hatutakigusa. Stockfish ilipewa kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu ingawa ilikuwa ikiendeshwa kwa nyuzi 64 za prosesa, yaani kazi 64 zikienda sambamba. Muda ulikuwa dakika moja kamili kwa kila hatua, wakati Stockfish ilikuwa imejengwa kujigawia muda yenyewe: kupita haraka penye urahisi, kukaa penye ugumu. Tord Romstad, mmoja wa waanzilishi wa Stockfish, alilalamikia masharti hayo, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.

DeepMind kwa upande wao walirudi. Desemba 2018 walichapisha katika jarida la Science mechi ya michezo 1,000 yenye masharti bora, saa 3 kwa kila upande pamoja na sekunde 15 za nyongeza kwa kila hatua: walishinda 155, wakapoteza 6, sare 839. Ushindi wa wazi, na safari hii wenye uzito. Hata hivyo wakosoaji hawakuwa wakipiga kelele za bure, kwa sababu uhakika huu wa pili ulikuja baada ya wao kuhoji ule wa kwanza.

Kinachokuhusu wewe ni kwamba AlphaZero haijawahi kuuzwa wala kutolewa kwa umma. Hakuna laptopu ya shule inayoiendesha. Tangazo likisema "ya aina ya AlphaZero" linamaanisha tu kwamba programu hiyo nayo ina mtandao wa neva, yaani sehemu iliyojifunza kwa kupitia michezo mingi badala ya kuandikiwa sheria na binadamu. Leo hilo si la pekee kwa yeyote. Mradi wa bure wa Leela Chess Zero ulianza kuifuata njia hiyohiyo ya AlphaZero mwaka 2018 na ukawahi kutwaa ubingwa wa TCEC. Stockfish yenyewe iliingiza mtandao wa neva Agosti 2020. Mtandao huo, unaoitwa NNUE, ulibuniwa na Mjapani Yu Nasu mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, na uliundwa makusudi uende haraka kwenye prosesa ya kawaida. Leela, kinyume chake, inataka kadi ya grafiki yenye nguvu. Kwenye laptopu yenu ya zamani itajikokota. Hapo unaona jinsi "yenye nguvu kuliko zote" linavyoweza kugeuka kutegemea mashine iliyo mezani.

Mamilioni ya mikao kwa sekunde usiyahangaikie. Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilichambua kama mikao milioni 200 kwa sekunde ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, na simu yako ikiwa na Stockfish inafikia sehemu ndogo tu ya kasi hiyo lakini ingeizidi mbali. Katika ile mechi ya 2017 AlphaZero ilichambua kama mikao 80,000 kwa sekunde, Stockfish kama milioni 70, na umeshaona nani alishinda. Kinachohesabika ni kujua njia zipi hazistahili kutazamwa kabisa.

Nije kwenye swali lako ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote: cha bure kitaishindaje kampuni?

Stockfish ilizaliwa mwaka 2008 kutoka kwenye programu ya Romstad, Mnorwe, iliyoitwa Glaurung. Mwitaliano Marco Costalba aliichukua na kuiendeleza, akashirikiana na Mfini Joona Kiiski. Mwaka 2013 Gary Linscott alijenga mfumo wa majaribio uitwao Fishtest, na kwa mtazamo wangu hapo ndipo kampuni zilipoachwa. Mtu yeyote duniani akipendekeza badiliko, hata la mstari mmoja, badiliko hilo huchezeshwa maelfu kwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta ambazo watu wa kujitolea huziazima kwa mradi. Lisiposhinda kwa takwimu, linatupwa, hata kama aliyelileta ni mkongwe. Matokeo yako wazi kwa yeyote kuyaona. Kumbuka ile hesabu yetu ya michezo 10,000: kampuni ndogo yenye wataalamu watatu hailipi umeme wa kucheza michezo kiasi hicho kila siku. Watu wa Stockfish huugharamia kwa kuchangiana.

Leseni ya Stockfish inaitwa GPL. Inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha, na hata kuiuza. Hapo wengi hukosea wakidhani kuuza programu huria ni wizi, si wizi. Sharti ni kwamba ukimpa mtu programu hiyo, kwa bei au bure, umwambie ni nini, umpe msimbo wake (maandishi ya waandishi wa programu), na umwachie haki zilezile ulizopewa wewe.

Sasa sikiliza kisa hiki. Februari 2021 kampuni ya ChessBase ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa Fat Fritz 2 kwa takriban yuro 100, ikiitangaza kuwa ndiyo namba moja. Ndani yake ilikuwa Stockfish, ikiwa na mtandao wa neva mwingine, mkubwa zaidi, na mabadiliko machache. Watengenezaji wa Stockfish walitoa tamko kali kwamba kampuni inadai ubunifu pasipo ubunifu. Mwezi uleule Stockfish 13 ikatoka, bure. Julai 2021 walitangaza kwamba wameifutia kampuni leseni na kufungua kesi Ujerumani. Kesi hiyo iligusa pia Houdini 6, injini nyingine iliyouzwa, ambayo iligundulika kuwa na msimbo wa Stockfish. Novemba 2022 pande mbili zilipatana: ChessBase ilikubali kutosambaza programu zenye Stockfish kwa mwaka mmoja, na kumteua mtu wa kusimamia utii wa leseni za programu huria.

Je, tangazo la Fat Fritz 2 lilikuwa la haki? Kwa maoni yangu, hapana, na sababu yangu si bei. Mtandao mpya wa neva ni kazi halisi, una gharama, na mtu ana haki ya kuulipisha. Kosa ni kumficha mnunuzi kwamba sehemu kubwa ya anachonunua anaweza kukipata bila senti, na kulinganisha bidhaa yako na kitu kinachosonga kila wiki kana kwamba kimesimama. Neno "namba moja" katika fani hii huoza haraka kuliko nyanya. Mara nyingi linakuwa limeshapitwa kabla mnunuzi wa kwanza hajamaliza kusakinisha.

Wala usitoke hapa ukidhani kila anayeuza ni tapeli. Komodo, kwa mfano, iliandikwa na watu wake wenyewe na kuuzwa waziwazi, na toleo lake la Dragon lina tabia za kuchagua: icheze kwa kushambulia, kwa kujihami, au kama binadamu. Hifadhi ya ChessBase yenye mamilioni ya michezo ya mabingwa ni bidhaa ambayo wachezaji wakubwa wanailipia na hawajuti. Unaweza kulipia masomo, muonekano mzuri, mpangilio wa michezo, huduma ukikwama. Usilipie nguvu tu.

Klabu yenu ifanye hivi. Pakueni Stockfish mara moja kutoka kwenye tovuti yake rasmi, siku intaneti ikiwa nzuri. Baada ya hapo haihitaji mtandao. Laptopu ikiwa ya zamani, chagueni toleo la prosesa za zamani, maana lile la kasi litagoma kufunguka na mtadhani limeharibika. Mtahitaji pia programu ya kuonyesha ubao, kwa kuwa injini yenyewe haina sura. Arena na Scid ni za bure. Wenye simu watumie Lichess, haina matangazo wala malipo, na Stockfish imo ndani. Msikubali kabisa nakala "iliyovunjwa" ya programu ya kulipia kwenye flashi ya mtu. Mtapata virusi kwa ajili ya kitu ambacho kilicho bora zaidi yake kinatolewa bure.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Hata injini ya kumi kwa ukali duniani itamfunga kila mwanafunzi wako, na kila bingwa wa daraja la juu (grandmaster) aliye hai, pasipo jasho. Tofauti kati ya ya kwanza na ya kumi hawataiona maishani mwao. Kinachowasumbua ni kuacha kete bila ulinzi, kusahau mpinzani naye ana mpango, kukimbilia kumaliza. Injini itawaambia hatua ipi ni bora na kuandika alama ya nafuu, kama +1.4, pembeni, haitawaambia kwa nini. Waache wachambue mchezo wenyewe kwanza kwa kalamu na karatasi, waandike walifikiria nini, ndipo wafungue Stockfish kuhakiki. Na wakitaka mpinzani wa saizi yao, wajaribu Maia, mradi wa bure uliofunzwa kwa michezo ya watu wa kawaida ili ucheze kama wao, makosa yao yakiwemo. Laki mbili na nusu ninyi inunulieni saa za sataranji na bodi.

Kama fedha zimeshatoka, tunza risiti na picha ya tangazo lenyewe. Fungua folda ya programu mtafute faili la leseni. Mkikuta GPL, mna haki ya kumwomba muuzaji msimbo, na akikwepa mna la kumweleza. Kwa Tanzania madai ya tangazo la kupotosha yanapokelewa na Tume ya Ushindani, ila nenda na ushahidi mkononi, si kwa simu. Iwapo klabu itataka siku moja kurekebisha Stockfish na kuiuza au kuigawa kwa shule nyingine, kaa kwanza na wakili anayejua leseni za programu, maana hapo mtakuwa upande wa pili wa masharti haya. Na kijana yule wa kidato cha tatu mtafutie mwalimu wa sataranji wa kukaa naye ana kwa ana, hata mara moja kwa mwezi. Chama cha mchezo huo mkoani au mjini kwenu kitawaelekeza.